Kamba Iliyompima Blasio

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Kongo Blasio alipokumbuka kwamba ameisahau kamba yake ya kunyooshea ukuta.

Fundi mwingine angeiacha hadi asubuhi. Lakini Blasio hakuwa fundi mwingine, na hilo alilitangaza mwenyewe kwa kila mwenye masikio, kuanzia Kyarumba huko juu hadi mpakani Mpondwe. "Mlima unateremka, mimi naukataza," alikuwa akisema huku anajipiga kifua. Na kifua kilikuwepo, maana alikuwa mrefu, wa kuinama kila mlango. Basi akapandisha tena kilima cha Bwera, peke yake, akipiga mluzi.

Uwanja ulikuwa wa Afande Omara, askari mstaafu, mtu wa Lango, kaskazini mwa Uganda. Alipotoka jeshini alikataa kurudi kwao. Akanunua kipande cha mteremko na kujenga nyumba. Mteremko gani huo! Sufuria ikikuponyoka mlangoni, unaiokotea kwa jirani. Omara alitaka mteremko ukatwe ngazi-ngazi, kila ngazi ishikwe na ukuta wa mawe, juu maua, chini kiti kirefu cha mawe cha kukalia jioni. Binti yake Pretty alikuwa anakaribia kuchumbiwa, na wageni wangetoka mbali. Ukuta wa kwanza ulikuwa umekwisha, umenyooka kama mstari wa daftari la shule.

Kilikuwa kiangazi. Vumbi lilifika mpaka kwenye kope.

Lakini ukuta ulikuwa umelowa.

Blasio akaacha mluzi. Ukuta wa kuzuia udongo huachiwa matundu, vipande vya bomba, ili maji ya nyuma yatoke usije ukasukumwa. Matundu mengine yote yalikuwa makavu. La katikati lilikuwa linadondosha... tone... tone... Akainama kunusa. Matope ya mto. Matope mabichi, yenye harufu ya samaki na majani yaliyooza. Na kilima kile hakina mto.

Halafu akasikia sauti. Ndani kabisa, mawe yalikuwa yanabingirishwa. Gruu... gruu... Aliyekuwa Kilembe siku mto Nyamwamba ulipofurika anaijua sauti hiyo.

Akasogeza sikio kwenye tundu.

"Blasio... nakuja kulala."

Kamba aliiacha palepale. Alivyoteremka kile kilima, mbuzi walimpisha.

Sasa nieleze, maana Blasio mwenyewe alijua ni nani.

Nasani alikuwa rafiki yake tangu utoto. Mwaka ule wa mafuriko alikuwa na kibarua Kilembe, mto ukamchukua, na mwili haukuonekana. Watu wa kule wanajua cha kufanya. Mtu asipopatikana, hukatwa shina la mgomba, likafungwa shuka na kuzikwa kwa jina lake, ili atulie huko aliko, asirudi kugonga mlango. Lakini shina likatwe kwa kimo chake, na maiti ya kupima haipo. Kwa hiyo hutafutwa mtu hai wa kimo kilekile. Wanamweleza wazi anachopimiwa, wanamlaza mkekani, wanampima kwa kamba, na msiba mzima anakula sahani moja na wafiwa, kama ndugu.

Nani alikuwa na kimo cha Nasani? Blasio. Na siku ile alijinyoosha mkekani kwa maringo, akisema, "Pimeni vizuri, mtu mrefu hapimwi ovyo."

Shina likazikwa kwenye shamba la mjane wake, Rusi. Juu yake wakapanda ile mimea ya majani marefu inayoonyesha kaburi. Rusi alipomuuzia Omara mteremko, hakumweleza mgeni mambo hayo. Alimweleza Blasio. "Ukifika kwenye ile majani, kunja ukuta. Mwache alale."

Kunja ukuta! Blasio, akunje ukuta? Watu waseme kazi yake imepinda? Aliing'oa mimea, akachimba msingi moja kwa moja. Shina akalikuta bichi, ingawa lilikaa chini miaka ile yote, linatoa utomvu kama limekatwa jana. Akaona si neno. Akalikatakata kwa jembe na kulitupa bondeni.

Asubuhi baada ya ile sauti, alikwenda na timazi kupima wima. Ukuta ulikuwa umetoa kitumbo. Kidogo tu, kama mwanamke anayeficha mimba. Akaubomoa pale, akajenga upya. Jioni kitumbo kikarudi. Omara akatoka na kikombe chake cha chai.

"Wewe fundi! Hii ukuta inakula nini? Inanenepa!"

"Ni udongo, afande. Inajipanga."

"Ambia yeye ajipange haraka. Wageni iko njiani. Mimi hapana taka aibu."

Kitumbo kingevumilika. Lakini Blasio alianza kuamka na miguu iliyolowa, na mchanga katikati ya meno. Siku iliyofuata maji yalifika magotini. Siku nyingine kiunoni, shuka zima tope. Alikuwa anaingia mtoni kitandani mwake, kidogo kidogo, na hakuhitaji mtu wa kumwambia yangefika wapi.

Akaenda kwa Rusi. Alimkuta anapepeta maharage. Rusi alimtazama miguu kwanza.

"Umemtoa," akasema.

"Shemeji, ukuta ingepinda..."

"Ukuta!" Ungo ukatulia. "Mume wangu alikuwa analala kwa kipimo chako, Blasio. Sasa hana kitanda. Anakuja kulala kwenye kipimo chenyewe."

Blasio akanong'ona, "Nipime tena. Nikate mgomba mwingine."

"Mutu hapimiwi mara mbili. Tafuta mwingine wa kimo chako. Umwambie ni ya nini. Umwambie, unasikia? Akikubali, tutakula naye sahani moja, tutamwombea. Usipomwambia, ile haitakuwa kumpima. Itakuwa kumpa."

Bwera nzima, ni nani aliyekuwa na kimo cha Blasio?

Mmoja tu. Mlokole, askari, asiyetaka hata kusikia habari za mizimu. Na kumwambia maana yake ni kumwambia pia, afande, kwako kulikuwa na kaburi, nikalichimba, nikakujengea juu yake. Angemfukuza yeye na mwiko wake wa kujengea, na kilima kizima kingecheka. Blasio alilifikiria hilo njia nzima. Miguuni viatu vilikuwa vinalia maji.

Kiti kirefu cha mawe kilikuwa kimekauka. Omara alikuwa amesimama hapo, anakisifu.

"Lala kidogo, afande," Blasio akasema. "Tuone kama umetosha."

Alitabasamu alipokuwa anasema. Hilo ndilo lililokuja kumsumbua baadaye.

Omara akacheka, akavua kofia, akajinyoosha juu ya mawe, mikono kifuani. "Aa, fundi! Hii ni kitanda ya jenerali! Mama Pretty, kuja ona mumeo!"

Mkewe, Aryemo, akachungulia dirishani. "Ondoka hapo, unafanana na maiti," akasema, na wote wawili wakacheka.

Blasio akapitisha kamba kutoka utosini hadi kisiginoni. Akafunga fundo.

Jioni ileile alikata mgomba kwa kipimo cha kamba hiyo, akaufunga shuka, akauzika nyuma ya ukuta, mahali pa maua. Aryemo alipouliza, akasema ni mbolea, migomba inashika unyevu. Kesho yake tundu la katikati lilikuwa kavu. Blasio aliamka na miguu mikavu, meno safi, akapiga mluzi hadi kazini.

Aryemo alipanda mawaridi. Yalishika haraka mno.

Jioni ya kuamkia sherehe, Aryemo alimwita. Hakupaza sauti.

"Fundi, njoo umuone mzee. Amelala kwenye kiti, anakataa kuingia ndani. Anasema hapa ndio pake."

Omara alikuwa amelala chali, mikono kifuani. Nguo zilikuwa zimelowa, zinashikana na mwili. Kwenye masharubu kulikuwa na mchanga. Alipumua kwa sauti ya... gruu... gruu...

Blasio akashika jembe. Na niseme kwa haki yake, alikimbia. Alifika kwenye mawaridi, akapiga jembe la kwanza, la pili, akaliona shuka. Ikiwa angelitoa shina, mtu yule angeamka. Hilo alilijua kama anavyojua mwiko wake.

Kutoka kwenye tundu, karibu na goti lake, sauti ikasema:

"Acha. Huyu ananitosha. Au unataka nirudi kwako?"

Jembe lilikuwa hewani.

Akaliteremsha polepole. Akafukia.

Omara hakuamka tena. Daktari alisema ni mapafu, maji yamejaa, mzee kulala juu ya mawe ya baridi si mchezo. Huenda ni kweli. Seremala alipokuja kuuliza nani amempima marehemu kwa ajili ya jeneza, Blasio alitoa kamba mfukoni. Mwili ukasafirishwa kwao Lango. Rusi alikuwa ameiona ile kamba ikipita mkononi mwa seremala.

"Ulimwambia?" akauliza.

Blasio akainama kufuta mwiko wake.

"Basi huyo naye hana kitanda," Rusi akasema, akajifunga leso na kwenda zake.

Ukuta upo hadi leo, umenyooka, maharusi wanaupigia picha. Nenda ukauone, usinibishie hapa. Blasio naye yupo, anavaa nguo za mtumba tu, maana hataki fundi cherehani amsogelee na utepe. Na jua likiegemea Kongo, hupitia njia ya mbali. Kwa sababu mara ya mwisho alipopita pale, kiangazi, vumbi hadi kwenye kope, tundu la katikati lilikuwa limeanza tena... tone... tone... na sauti iliyotoka haikuwa ya Nasani.

"Wewe fundi! Kuja hapa. Lala kidogo, tuone."