Damu Safi ya Peris

"Mashine ni chafu!" Thadeus alifoka. "Peris, hebu njoo uone mwenyewe."

Peris alikuwa ameshaona. Kalamu ya mashine ilikuwa imechora kilima kirefu, mahali ambapo mstari ulitakiwa kulala tambarare.

Damu iliyokuwa ikipimwa ilikuwa yake. Mwaka ule wa themanini na nne, kabla ya kupima dawa kwenye damu za wagonjwa wa kifafa, kila mara mfanyakazi mmoja wa maabara ile ya Voi alitoa damu safi, isiyo na dawa, ya kulinganishia. Leo zamu ilikuwa ya Peris. Angekataaje bila kuulizwa sababu? Basi jana akaruka kidonge chake cha kifafa, akidhani kufikia asubuhi dawa itakuwa imekwisha mwilini. Kumbe wapi!

Damu yake aliizungusha mwenyewe kwa kasi hadi maji ya manjano yakajitenga juu, akayasafisha yakawa mang'avu kabisa. Mashine ikayasukuma kwenye mrija wa chuma, kila kilichomo kikatoka kwa zamu yake, na dawa nayo ikatoka. Mungu wangu! Siri aliyoificha tangu utotoni, kalamu imeichora mchana kweupe!

"Nimeosha, nikaosha tena," Thadeus akalalamika. "Majibu ya wiki nzima ni ya kutupa. Daktari atabahatisha tu dawa za wale watoto wagonjwa."

"Usitupe."

"Nisitupe vipi, na damu safi ina dawa?"

Jumamosi wazee wa kina Thadeus walikuwa wapande Mwanda, kwao Peris, kumposa. Akinyamaza, ameolewa. Akisema, nani atamtaka msichana wa kifafa? Lakini asubuhi ile aliletwa mtoto kutoka Wundanyi, ulimi ameuuma hadi damu.

"Mashine ni safi," akasema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi, Thadeus. Hiyo dawa naimeza tangu darasa la sita."

Thadeus akaketi.

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenichumbia?"

Thadeus alikikodolea macho kile kilima.

"Mara ya mwisho ulimeza lini?"

"Juzi."

"Juzi! Yaani ili nisijue? Ungeanguka hapa kwenye vioo, nikuzike? Iko wapi?"

"Kwa mkoba."

"Meza. Sasa hivi, nikikuona."

Akamletea maji kwenye kikombe chake cha chai. Peris akameza huku analia.

"Damu safi nitatoa mimi," Thadeus akasema, akikunja shati.

"Na wazee?"

"Jumamosi wanapanda Mwanda. Mama nitamwambia leo."

"Akikataa?"

"Kwani anayeoa ni yeye?"

Lo, ubishi wa mwanamume aliyependa! Lakini jioni, mbele ya mamake, maneno yalimtoka kwa shida. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo dawa," akauliza, "humezwa kabla ya chakula ama baada? Nijue saa ya kumpikia."