Mwanya wa Dorika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dorika alimtungia mama yake uzi kwenye sindano. Mama Dorika alikuwa fundi cherehani pale Isaka, na tangu mbuzi aikanyage miwani yake, sindano aliiona kama ukungu wenye ncha.

Akimaliza hapo, Dorika aliingia kwenye kazi yake mwenyewe: kujitengeneza upya kwa simu ya mama. Filta moja ilimpa ngozi nyeupe kama sembe. Nyingine ilimchonga pua, ikaziba mwanya wa meno, ikafuta kovu la juu ya nyusi. Picha ikiingia kwenye kundi la wasapu la darasa, mioyo myekundu ilimiminika. Siku ambayo mioyo ilikuwa michache, uji aliuacha mezani.

Kulikuwa na sababu. Picha yake ya kwanza, isiyo na filta, ilijibiwa hivi: "Huo ni mwanya au geti la stesheni?" Darasa zima lilicheka. Tangu hapo Dorika halisi hakuonekana tena simuni.

Alhamisi moja mama alipata habari njema. Mjomba Theonest alikuwa amenunua miwani mpya Dar es Salaam na kumkabidhi Abdulwahab, dereva wa lori anayepitia Isaka kwenda Kigali.

"Nguo za kwaya ni za Jumapili, na kola zote bado," mama alisema. "Kesho nenda ukaipokee. Dereva hakujui, mtumie picha yako."

Dorika akachagua picha iliyopata mioyo mingi kuliko zote. Mama akaisogeza simu hadi puani, akaona rangirangi tu.

"Umependeza," akasema, kwa kubahatisha.

Kesho yake, baada ya masomo, Dorika alifika kwenye maegesho ya malori na kumkuta Abdulwahab ameshawasha injini.

"Shikamoo, baba. Mimi ni Dorika. Nimefuata miwani."

"Marahaba." Dereva akatazama simu, akamtazama yeye, akarudi kwenye simu. "Mwanangu, Dorika ni huyu hapa."

"Ndiye mimi!"

Utingo wake, Masele, akaichungulia ile picha na kuangua kicheko. "Huyu ameoga maziwa! Wewe dogo ni tapeli wa mizigo."

"Mzigo wa mtu sitoi kwa kukisia," Abdulwahab alisema. "Nikirudi baada ya wiki mbili, aje mwenyewe."

Wiki mbili! Dorika aliiona kwaya nzima imesimama kanisani bila kola, na mama akijichoma vidole. Machozi yakamtoka. "Baba, nakuomba, mpigie mama!"

Simu iliita, iliita, ikakatika. Masele alikuwa ameanza kuondoa mawe kwenye matairi. Abdulwahab akapiga tena, akaweka spika.

"Mama Dorika, kuna binti hapa, ila hafanani na picha. Wako yukoje?"

"Ana kovu juu ya nyusi," sauti ya mama ikajibu. "Alianguka akimfukuza yule mbuzi. Pua ni ya bibi yake. Na ana mwanya, baba. Akicheka, hata aliyekasirika atacheka."

"Kovu naliona. Haya binti, cheka."

Nani acheke huku analia? Masele akaona huruma. Akabana mashavu, akapepesa kope, akabetua midomo kama ile picha. Dorika akapasuka kicheko.

"Mwanya ule!" Masele alipaza sauti. "Mpe mzigo wake, mzee, twende!"

Nyumbani mama alivaa miwani na kuifungua ile picha simuni.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

Dorika akaeleza yote, hadi neno la geti.

"Pole, mayu, mwanangu," mama akamvuta karibu. "Neno hilo liliuma, na ungeniambia mapema. Lakini angalia: vyote ulivyovifuta ndivyo nilivyovitaja ili ujulikane. Mioyo ile waliipa picha, wewe hawakukupa kitu. Usikubali thamani yako ipimwe na mtu anayebonyeza simu huku anatafuna muwa."

Jumapili kwaya iliimba na kola zake. Dorika alipiga picha akicheka, mwanya wote nje, akamtumia Abdulwahab: "Baba, itunze hii."

Jibu lilikuja kwa sauti ya Masele. "Huyo tunamjua! Huyo hata lori tunampa!"

"Lori ni langu," Abdulwahab alidakia kwa nyuma. "Mpe miwani tu."

Dorika alicheka mpaka jioni, na kundi la darasa akalisahau kabisa.