Mabaka ya Idarusi

Shangazi yangu Mboni aliolewa Tongoni na bwana mmoja aliyeitwa Idarusi. Haya nilisimuliwa na shangazi mwenyewe, ila la mwisho nililiona kwa macho yangu. Sitaongeza chumvi.

Idarusi alikuwa mpaka chokaa. Wakati wa vita alipelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, na kazi yake kule ilikuwa kuyapaka malori na mahema rangi za mabaka ili marubani wa Kijapani wasiyaone. Vita vikaisha, akarudi kwao, lakini mabaka hayakumtoka. Kila alipopata nafasi alitandaza vitambaa vya marekani uani, akachemsha magome ya mkoko, akaponda manjano na majani mabichi, akachanganya na masizi, akachora. Hakuuza hata kimoja. Alikuwa akijifurahisha tu. Kilikuwapo kitambaa cha masika, kijani kizito chenye michirizi ya tope. Kilikuwapo cha kipupwe na cha vuli. Mwanzoni mwa mwaka 1954 akamaliza cha kiangazi, rangi ya nyasi zilizokauka na vivuli vya makuti.

Akimaliza kimoja hujifunika, akaenda kukaa katika kichaka kilichokuwa nyuma ya nyumba, na Mboni humtafuta. Katika kile cha masika alimwona upesi. Katika kile cha kiangazi alimpita mara tatu, mpaka Idarusi akamshika pindo la kanga. Walicheka sana siku ile.

Wiki haikuisha. Jirani yao Kijakazi, mjane aliyeishi peke yake, aliingia adhuhuri bila hata kupiga hodi.

"Shoga, mumeo yuko wapi?"

"Kazini. Kwani vipi?"

Kijakazi akapunguza sauti. "Nilikuwa jikoni napakua wali. Nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Nikageuka, hakuna mtu. Lakini harufu ilikuwapo, Mboni. Harufu ya magome."

Baada yake wakaja wengine. Mmoja alivutwa kanga akiwa kisimani peke yake. Mwingine aliona kifuniko cha mtungi kikiinuka na kurudi mahali pake. Kila mara ilikuwa mchana, na harufu ilikuwa ileile. Watu wakaacha kumpa Idarusi kazi. Wakasema ni mchawi, amejifunza Bama namna ya kutembea asionekane. Mwishowe wakakubaliana kwamba Ijumaa, baada ya swala, Halbadiri itasomwa, na anayewaingilia watu majumbani mwao imdhuru.

Mboni aliingiwa na hofu, kwa sababu naye alikuwa akimshuku. Alishaanza kulinusa shati la mumewe kila aliporudi. Alishaanza kuhesabu saa zake za kutoka. Akimuuliza alikuwa wapi, Idarusi hujibu kwa mkato huku ameinamisha macho.

Alhamisi mchana Mboni alifungua sanduku la vitambaa. Kitambaa cha kiangazi hakikuwamo.

Akatoka nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa la utosi. Hakukuwa na upepo. Akakitazama kichaka, jani kwa jani. Akaliona bega. Kisha goti. Kisha macho mawili yakimtazama.

"Nimekuona," alisema. "Toka. Watu watakuua kwa mchezo huu."

Macho hayakupepesa.

"Idarusi, nakwambia toka!"

"Mboni."

Sauti ilitoka nyuma yake. Idarusi alikuwa amesimama njiani, anarudi kutafuta kazi, ndoo ya chokaa mkononi.

"Unasema na nani?"

Mboni alinyoosha kidole tu. Idarusi akatazama. Ndoo ikamponyoka.

"Kumbe nawe umemwona," alinong'ona. "Tangu vuli, nikikaa mle nasikia pumzi nyingine kando yangu. Nilidhani naingiwa na wazimu. Niliogopa kukwambia."

Akachukua panga, akakivamia kichaka, akifyeka huku anasoma Ayatul Kursiyyu. Hakukuwa na mtu. Kitambaa kilikuwa chini, kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Akakikunjua. Upande mmoja ulikuwa na mabaka yake. Upande wa pili, aliouacha mweupe, ulikuwa umechorwa. Rangi ilikuwa haijakauka.

Mwanzoni Mboni hakuelewa anachokiona. Weupe wa chokaa wenye ufa mwembamba. Mistari ya kamba za kitanda. Kivuli cha nondo za dirisha. Na pembeni kabisa, wekundu wa kanga iliyotundikwa kwenye msumari.

Kilikuwa chumba chao cha kulala.

Idarusi akakipeleka ndani, akajifunika nacho mkono, akauweka mbele ya ukuta. Mkono ukapotea mpaka kwenye kiwiko. Akakitupa kitandani, wakatoka mbio kutafuta kibiriti na mafuta ya taa. Waliporudi, kitambaa hawakukiona. Walipekua sandukuni, uvunguni, darini. Hakuna.

"Kukikosa hakukututisha," shangazi aliniambia. "Tulitishika tulipowaza kwamba huenda bado kimo mle ndani."

Vitambaa vitatu vilivyobaki walivichoma. Wao wakalala barazani. Kesho yake Idarusi akaenda kwenye kisomo, akaapa mbele ya watu wote, na hakudhurika. Hata hivyo hakuna aliyemwitikia salamu. Jioni wakahamia mjini, mtaa wa Usagara.

Idarusi hakushika brashi tena maisha yake yote. Shangazi ndiye aliyeishika. Kila msimu ulipobadilika alikipaka chumba chao rangi nyingine: buluu, kijani, maziwa.

"Namchelewesha," aliniambia siku moja nilipomuuliza.

"Nani, shangazi?"

Akaendelea kupaka.

Alifariki mwaka 1959, kwa maradhi ya kifua. Siku ya tatu baada ya mazishi, Idarusi aliniomba nimsaidie kutoa kitanda. Chumba kilikuwa cha waridi. Shangazi alikipaka miezi miwili kabla, na kopo lilishatupwa zamani. Tukakiinua kitanda, tukakisogeza mlangoni.

Pale kilipokuwa, sakafuni, palikuwa na matone matatu ya rangi ya waridi.

Nikayagusa. Kidole kikarudi na rangi.