Jicho Lisilofumba

Alichokiona kwanza ni uzi. Kipande kidogo cha uzi mwekundu kilikuwa kimelala juu ya jicho la kulia la paka, na paka hakupepesa.

Binti aliacha kukunja pindo la suruali, akamtazama. Paka huyo walimwita Kifungo, kwa ajili ya doa jeusi la mviringo kwenye paji lake jeupe. Jicho la kushoto lilifumba na kufumbua. La kulia lilikaa wazi kama dirisha lisilo na komeo. Binti akautoa ule uzi taratibu, wala hakusema kitu. Baba yake alimpa jina la utani, Kimya, na jina likamkaa kama nguo iliyopimwa.

Wakati wa chakula kila mtu aliona. Kifungo alitafuna, lakini chakula kilimdondoka upande wa kulia. Mate yalimchuruzika. Sikio la upande huo lilikuwa limelala.

"Huyu kameza sindano," baba akasema. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana, na kwake kila balaa lilianzia kwenye sindano. "Jana moja ilinipotea hapa chini. Mama Kimya, mshike nimpanue mdomo."

"Atakung'ata."

"Nina kinga." Akavaa kastabini, kile kikofia cha chuma kinachozuia sindano isichome kidole.

Mama akacheka. "Na vidole vingine tisa umevivalisha nini?"

Baba alikwisha kunyoosha mkono. Kimya akainuka, akamfunika paka kwa kipande cha kitambaa, akamtia kikapuni.

"Tumpeleke kwa daktari wa mifugo, Baba."

Wazazi wakatazamana. Binti yao hakuwa mtu wa kuamua mambo ya nyumba.

Hakuwaeleza sababu. Uso ule aliujua. Alikutana nao kila asubuhi kwenye kioo cha wateja. Tangu utotoni, upande wa kulia wa uso wake haukutabasamu. Ndugu walisema alipigwa na upepo mbaya, wakaishia hapo. Tangu aache shule na kushona na baba yake, alipobana pini midomoni, alizibana upande wa kushoto tu. Na alipocheka, alicheka nyuma ya kiganja.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono ya taratibu. Kabla ya kumgusa paka, aliuliza, "Amechanjwa kichaa cha mbwa?"

"Amechanjwa, na cheti chake kipo," mama akajibu.

"Kuna aliyeng'atwa, au kutiwa mate kwenye kidonda?"

"Hakuna. Huyu hapa alitaka kuingiza mkono na kastabini."

"Mzee, usirudie tena. Mnyama mwenye mdomo ulioanguka na mate yanayotoka huenda ana kichaa. Usimtie vidole. Akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha kimbia hospitali siku hiyohiyo."

Baba akaitazama kastabini yake kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Daktari akashika kijipamba. "Sasa tazameni." Akakigusisha pembeni mwa jicho la kushoto. Kope zikafumba papo hapo. Akagusa pembeni mwa la kulia. Kope hazikutikisika, lakini Kifungo alirudisha kichwa nyuma.

"Mmeona? Amehisi, ila ameshindwa kufumba. Kuhisi kuna neva yake, na kufumba kuna neva nyingine."

"Neva ndiyo nini?" mama akauliza.

"Ni kama uzi mwembamba unaobeba habari. Kwenye ubongo wa paka, na wa mbwa pia, zinatoka jozi kumi na mbili. Ipo ya kunusa, ipo ya kuona. Nyingine huzungusha jicho, nyingine husaidia kumeza. Na hii ya uso inafumba jicho, inainua sikio, inashika midomo."

Akamulika tochi. Mboni ikanywea kama ua linalojikunja. Akamweka paka sakafuni. Alitembea bila kupepesuka. "Neva ya mizani ni nzima, na yenyewe ni jirani wa hii iliyolala."

Baba alikuwa amevua kofia. "Kichwa kidogo hivi," akasema polepole, "nyuzi zote hizo, na mshono hauonekani. Mimi kola moja tu inanitoa jasho."

Daktari akachungulia ndani ya sikio la kulia. "Chanzo hiki hapa. Neva ya uso hupita karibu na sikio la ndani. Sikio limeoza, na neva imeumia. Alikuwa akijikuna?"

"Alikuwa akijikuna na kutikisa kichwa," Kimya akasema.

"Mimi nilitaka kumtilia mafuta ya cherehani," baba akanong'ona.

"Usitie kitu sikioni bila kupimwa. Nitampa dawa ya sikio. Na jicho lisilofumba hukauka, likikauka hupata kidonda, na kidonda hupofusha. Mtamtia dawa hii ya kulainisha mara nyingi kwa siku. Neva hupona polepole. Nyingine hazirudi, lakini jicho tunaweza kuliokoa."

Kimya alisogea mezani. Mkono ulikuwa mdomoni kama kawaida. "Na mtu?" akauliza. "Mtu naye anayo?"

Daktari alimtazama bila kushangaa. "Anayo, kulia na kushoto. Lakini mimi ni wa wanyama. Uso wa mtu upimwe hospitali. Ukipinda ghafla, aende mara moja."

Basi kazi ya dawa ikawa ya Kimya. Alimtia Kifungo dawa kati ya pindo na pindo, kati ya mteja na mteja. Sikio lilikauka usaha, na jicho likabaki angavu. Wiki zikapita. Asubuhi moja uzi wa buluu ulipeperuka kutoka kwenye mkasi, ukamtua paka usoni. Kope za kulia zikatetemeka, zikashuka nusu, kisha zikakutana.

Baba akasimamisha cherehani.

Kimya akatoa pini midomoni, moja moja. Kisha akashusha na kiganja kilichozoea kuuficha mdomo.

"Baba, sikuacha shule kwa kupenda cherehani," akasema. "Wenzangu walikuwa wananicheka mdomo. Nataka kurudi kusoma."