Viganja Chini ya Zege

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa zege, naye si mtu wa kutia chumvi.

Kipande cha njia ya miguu alichomwaga mwezi uliopita, juu ya bomba la majitaka, kilikuwa kimetitia. Moja kwa moja akamshuku shemeji yake, aliyeshindilia udongo.

"Shemeji, siku ile ulishindilia au ulipiga soga?"

"Nilishindilia mpaka mikono ikafa ganzi! Bomba lako ndilo limepasuka."

Wakaking'oa kipande kwa mitaimbo. Bomba lilikuwa zima, kavu kabisa. Pembeni yake kulikuwa na shimo jeusi. Kokoto zilidondoka humo moja moja, wala hazikusikika zikifika.

Wakapindua zege. Upande wa chini ulikuwa laini kama kioo, kwa ile nailoni waliyotandika kabla ya kumwaga. Nailoni haikuchanika popote. Lakini zege lilikuwa na alama mbili za viganja, vilivyolisukuma kutoka chini lilipokuwa bado bichi.

Fundi akamkazia macho. "Hebu weka chako hapo."

Shemeji akaweka. Vidole vyake viliishia pale vya mwenye alama vilipoanzia.