Mdomo wa Kiarie Unakauka Usiku

Kila asubuhi Kiarie aliamka na mdomo mkavu. Ulimi ulinata juu kinywani. Midomo ilipasuka. Sasa na meno yalianza kuuma.

Kiarie anasaga mahindi huko Njoro, kwenye posho mill yake. Vumbi la unga humwingia puani kutwa. Pua ikiziba, alikuwa akimeza tembe ya mafua kabla ya kulala. Na kwa kuwa mdomo ulikauka, aliweka switi shavuni, akalala nayo.

Siku moja jirani yake Joyline, nesi wa zahanati, alileta mahindi ya kusagwa. Akamkuta Kiarie ameshika shavu.

"Baba Shiko, nani amekupiga?"

"Ni jino."

"Ni switi!" alisema Wamaitha, mkewe. "Analala nayo kama mtoto. Na mdomo wazi kama gunia."

"Mama Shiko, unanianika mbele ya wateja?"

"Wateja wanajua. Unakoroma mpaka kwao."

Joyline hakucheka. "Fungua nione." Akachungulia. "La nyuma limeoza. La pili limetoboka. Unataka mengine yafuate?"

"Sitaki. Lakini mbona ninakauka mimi tu? Tunalala chumba kimoja na huyu."

"Yeye anapumua kwa pua. Wewe pua imeziba, unapumua kwa mdomo, mate yanakauka. Mate ndiyo huosha meno. Hebu nione hiyo dawa."

Kiarie akatoa tembe mfukoni.

"Hii hukausha pua. Hukausha na mdomo."

Kiarie akaigeuza tembe mkononi. "Kitu kidogo hivi? Kwa hivyo nilikuwa nameza kiu, halafu naitilia sukari?"

"Ndiyo hivyo. Mchana unasikia kiu sana? Unakojoa mara nyingi?"

"Hapana."

"Hata hivyo njoo nikupime. Mdomo mkavu unaweza kuwa dalili ya kisukari."

Alipimwa. Hakuwa na kisukari. Joyline akamweleza la kufanya.

"Acha hizo tembe. Vaa barakoa ukisaga. Jioni osha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Lala kwa ubavu. Piga mswaki, na baada ya hapo ni maji matupu. Weka kikombe karibu na kitanda."

"Na chai yangu ya usiku?"

"Ile yenye majani mengi na sukari? Kunywa mapema, kabla ya mswaki."

"Nesi, unanimaliza."

"Meno ndiyo yanakwisha. Na pua ikikataa kufunguka, rudi umwone daktari."

Wamaitha alimshonea barakoa ya kitambaa. Wateja walimwita daktari wa unga. Kiarie aliivaa tu. Alitaka kujua kama nesi anasema kweli.

Pua ilianza kufunguka. Kisha asubuhi moja Kiarie aliamka akalalamikia bei ya dizeli kabla hata ya kugusa kikombe.

"Haya, umepona," alisema Wamaitha. "Zamani ungekunywa maji kwanza ndipo uanze kelele."

Kiarie akapitisha ulimi kinywani. Ulikuwa na mate.

Lakini kilichooza hakikurudi. Jino la nyuma liling'olewa. La pili lilizibwa. La tatu lina doa jeusi, na Joyline analiangalia. Upande huo Kiarie hatafuni tena mahindi ya kuchoma.