Ndege ya Tatu Kuelekea Mtoni

Simu iliita mara moja, ikakata. Ikaita tena.

Nyuma ya gereji, msichana akapokea.

"Hali ya hewa?" sauti iliuliza.

"Upepo unatoka mtoni."

"Basi leo ndiyo leo. Kadi haipo kwenye sefu. Injinia ametoka nayo kazini."

"Nimkamate?"

"Usimguse. Ukimkamata chini atasema aliichukua kwa bahati mbaya, na kesi itakufa. Nataka ndege iwe hewani, pua imeelekea mpakani. Nyuki yuko njiani na gari jeupe. Yeye ndiye atakayeishusha."

"Nimeelewa, Mkuu."

Simu ikakata.

Dirisha la jikoni likafunguliwa.

"Mgeni! Chai inapoa, binti yangu!"

"Nakuja, Mama."

Akashusha shati lake pana mpaka likaifunika bastola kiunoni, Glock ndogo aliyoizoea kama kidole chake. Kisha akazunguka gereji, akaingia ndani kunywa chai ya watu aliokuwa akiwadanganya.

Mgeni halikuwa jina lake. Alilipata siku ya kwanza alipofika kwenye uwanja wa ndege za modeli, zile ndogo zinazorushwa kwa rimoti, akiwa na ndege mpya ya sponji ndani ya boksi na hajui hata betri inaingilia wapi. Mzee mmoja mwenye vidole vilivyokakamaa kwa gundi alimtazama, akacheka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Lete hiyo ndege yako."

Alikuwa mwalimu mstaafu wa useremala. Wote pale walimwita Mzee Gundi. Siku hiyo hiyo Mgeni aliruka, akageuka, akachanganyikiwa, akaipigiza ndege kwenye nguzo ya goli. Ikakatika vipande viwili.

"Hujaivunja," Mzee Gundi alimfariji. "Umeigawa. Njoo nyumbani tuiunge."

Hivyo ndivyo alivyoingia katika nyumba ile. Kwa mlango wa mbele, kwa kukaribishwa.

Na ndivyo Mkuu alivyotaka.

Kwa sababu Mzee Gundi alikuwa na mtoto mmoja tu. Mwanawe alikuwa injinia katika kituo cha rada kilichokuwa juu ya kilima, na mwishoni mwa wiki alirusha ndege pamoja na baba yake. Alikuwa rubani hodari. Angeweza kuitua ndege juu ya kitambaa cha meza.

Hata hivyo alikuwa amepoteza mbili. Zote zilikuwa kubwa, zote zilichongwa na baba yake kwa mbao laini ya balsa, na zote zilipotelea upande ule ule. Ng'ambo ya mto. Nchi ya watu.

"Upepo, Baba," alisema kila mara. "Upepo umenishinda."

Mzee aliamini. Ofisi ya Mkuu haikuamini. Mbili zile zilikuwa za majaribio, tupu. Ya tatu ingebeba kadi yenye funguo za siri za rada. Atakayeipata angejua pa kupita bila kuonekana, na ndege za kivita zingekuwa juu ya paa za watu kabla king'ora hakijalia.

Mzee Gundi aliijenga hiyo ya tatu kwa muda mrefu. Alikata mbavu za bawa moja moja, akazipanga mezani kama mifupa ya samaki. Mgeni alikaa kando yake na msasa, akisugua mpaka mbao ikawa laini kama shavu la mtoto mchanga. Mzee alimfundisha kutandaza karatasi ya plastiki juu ya bawa na kuipiga pasi mpaka ikakaza. Alimfundisha kusikiliza mota. Alimfundisha kungoja gundi ikauke.

"Haraka ndiyo inayoangusha ndege, mwanangu. Si upepo."

Mgeni alikuwa akijua kila alichokuwa akikisugua kilikuwa kwa ajili ya nini. Mzee alikuwa hajui.

Usingizi ulikuwa umemkimbia Mgeni siku nyingi.

Uwanja ulikuwa eneo pana la nyasi fupi nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Upande mmoja barabara. Upande mwingine matete, kisha mto.

Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa barabarani, boneti wazi, kama limeharibika. Nyuki alijifanya anakagua injini.

Sauti yake ikanong'ona katika sikio la Mgeni.

"Nakuona. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mtambo uko tayari. Akielekea mtoni tu, naziba mawimbi. Rimoti yake itakuwa kopo la sardini."

Injinia akawasili kwa Toyota yake, akashuka akitabasamu. Akaitoa ndege kubwa, akaiweka mezani.

"Dada Mgeni! Leo unarusha bila kugonga kitu?"

"Tuombe Mungu, kaka."

Akacheka, akarudi kwenye gari kuchukua miwani ya jua. Mgeni akasogea. Akaweka ncha za vidole viwili chini ya mabawa, akaiinua ndege kidogo kupima mizani yake, jinsi alivyofundishwa.

Jana ilitulia sawa kama maji kwenye beseni. Leo mkia ulizama.

Akarudi nyuma, akajifanya anajikuna shingo.

"Nyuki. Mzigo umo. Lakini ni mzito. Kadi haina uzito huo."

"Labda kaifunga vizuri."

"Nakwambia kuna kitu kingine."

"Tulia. Kikipaa, kitashuka."

Mzee Gundi alikuwa pembeni, anafuta miwani yake kwa pindo la shati. Injinia alikuwa bado kichwa kimo ndani ya gari. Neno moja lingetosha. Mzee angekwenda kwa mwanawe, angemshika mkono, wangerudi nyumbani.

"Baba," Mgeni alisema.

"Naam, mwanangu?"

Amri ya Mkuu ilikuwa fupi. Usimguse.

"Hakuna kitu. Nimekuita tu."

Mzee akatabasamu. "Unaogopa. Ni vizuri. Asiyeogopa ndiye anayevunja. Njoo, anza wewe kurusha."

Walitumia rimoti mbili aina ya Futaba zilizounganishwa bila waya, moja ya mwalimu, moja ya mwanafunzi. Mzee alipobana swichi yake, ndege ilimtii Mgeni. Alipoiachia, ilirudi mikononi mwa mzee. Ndivyo walivyofanya tangu siku ya nguzo ya goli.

Ndege ya sponji ikakimbia nyasini, ikapaa. Mgeni akaipandisha juu, juu kabisa.

"Safi," Mzee alisema. "Zungusha hapo hapo. Mpishe kaka yako."

Nyuma yao mota kubwa ikanguruma.

Ndege ya tatu ikapaa.

Ilikuwa nzuri. Mgeni alichukia jinsi ilivyokuwa nzuri. Ikazunguka uwanja, ikalaza bawa, ikanyooka.

Kuelekea mtoni.

"Nyuki. Sasa."

"Naziba."

Sekunde zikapita.

Ndege haikutetereka.

"Nyuki!"

"Nimeziba! Hakuna wimbi linalomfikia! Kwa nini haianguki?"

Mgeni akageuza jicho. Injinia alikuwa ameweka rimoti yake chini, juu ya nyasi. Amekunja mikono kifuani. Anatazama tu.

Ule uzito.

Ndege ilikuwa na ubongo wake ndani. Ilijua njia yenyewe.

"Ipige risasi!" Nyuki alipiga kelele.

"Iko mbali. Nina bastola, sina mzinga."

Alichokuwa nacho ni ndege ya sponji, iliyokuwa juu zaidi. Nyepesi, ya polepole, ya mwanafunzi. Lakini kitu kinachoporomoka hupata mbio bila kuomba.

Na mtambo wa Nyuki?

"Zima mtambo! Zima, haraka, nisije nikaanguka mimi!"

"Nimezima!"

Fimbo za rimoti zikaitikia. Akainamisha pua, akaiporomosha.

"Mwanangu, unafanya nini?" Mzee alishtuka. "Pandisha! Ile ni ndege ya mwanangu!"

"Najua, Baba."

"Utaigonga!"

"Usiachie swichi, Baba. Nakuomba."

Ndege ndogo ikashuka kama jiwe. Ile kubwa ilikuwa inapanda kwa taabu, upepo usoni, mzigo mkiani. Nafasi kati yao ikapungua. Ikapungua tena.

Mgeni akasukuma fimbo kushoto.

Alichelewa kidogo tu. Ndege ya sponji ikapita chini ya ile kubwa, ikageuka, na sasa ilikuwa inakuja kumwelekea yeye. Kushoto kukawa kulia. Hapo ndipo wanafunzi wote hufia. Akasukuma upande usio wake. Bawa likalala vibaya.

Alikuwa anaipoteza.

"Baba, nisikilize," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi si karani wa bandari kama nilivyowaambia. Ndani ya ndege ile kuna funguo za rada yetu. Mwanao anazipeleka ng'ambo. Zile mbili hazikupotea."

Mzee alishusha macho kutoka angani. Aligeuka, akamtazama mwanawe. Akaiona rimoti iliyolazwa nyasini. Akaiona mikono iliyokunjwa.

Hakuna rubani anayeweka rimoti chini wakati ndege yake iko hewani. Hilo Mzee Gundi alimfundisha mwenyewe, akiwa bado mdogo.

"Wewe," mzee alimwita mwanawe. "Ndege yako inaenda wapi?"

Injinia akafungua mdomo. "Upepo, Baba..."

"Hakuna upepo unaosukuma kitu kuelekea kule unakotoka."



Kidole cha mzee kikaachia swichi.

Fimbo za Mgeni zikafa mikononi mwake. Akadhani ameshindwa. Damu ni damu, na nani angemlaumu baba?

Kisha akaona ile ndege ndogo ikijinyoosha. Ikageuka kwa upole, kama mtu aliyekumbuka kitu. Ikapanda, ikajilaza, ikaanza kuporomoka tena. Sasa mzee ndiye aliyekuwa anairusha. Machozi tu ndiyo yaliyotembea.

"Baba, usifanye hivyo!" Injinia alipiga kelele. "Baba!"

Ndege mbili zikakutana juu ya matete.

Ule mlio ulichelewa kuwafikia. Tak. Kama kijiti kuvunjika. Bawa kubwa likang'oka, likaelea peke yake likizunguka. Vilivyobaki vikaanguka upande wa huku.

"Imeanguka kwetu!" Nyuki alipaza sauti. "Vijana wetu wameshaingia mateteni, wanaikimbilia!"

Injinia akatimua mbio kuelekea Toyota.

Mgeni akatupa rimoti. Akaruka meza, akakata pembeni. Injinia alikuwa ameshafungua mlango, injini imewaka, gari linarudi nyuma.

Glock ikatoka.

Risasi moja. Tairi la mbele likapasuka.

Risasi ya pili. La nyuma.

Gari likayumba, likazima. Mgeni akawa dirishani, mtutu ukiwa karibu na shavu la kijana aliyemwita kaka.

"Mikono juu ya usukani. Taratibu."

Injinia akaiweka. Alikuwa anahema. Hakumtazama Mgeni. Alitazama nyuma, kwa baba yake.

"Walisema ni kadi tu," alinong'ona. "Walisema hakuna mtu atakayeumia."

"Husema hivyo siku zote."

Nyuki akafika na pingu. Redio ikakoroma.

"Kadi imepatikana. Narudia, kadi imepatikana. Nzima."

"Na ng'ambo?" Mgeni aliuliza.

"Walikuwa wawili na darubini. Wenzetu wa kule wamewabeba."

Simu ikaita. Mkuu.

"Nimesikia. Kazi safi sana. Gari litakuchukua barabarani. Usirudi kwenye nyumba ile. Huyo mgeni wao hayupo tena."

"Sawa, Mkuu."

Alipaswa kuondoka papo hapo. Akarudi uwanjani.

Mzee Gundi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, rimoti bado ikining'inia shingoni. Alikuwa anautazama mto.

"Watamfunga muda mrefu?" aliuliza.

"Muda mrefu, Baba. Nitaandika kwamba wewe ndiye uliyeiangusha."

"Usiandike. Asije akalisoma hilo gerezani."

Mgeni akaitikia kwa kichwa.

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla sijaja kwenu."

"Tulipokuwa tunakata mbavu za bawa, ulijua?"

"Nilijua."

"Na pale uliponiita, ukasema hakuna kitu?"

Alikuwa amefundishwa kuhojiwa. Alikuwa amefundishwa kukaa kimya hata akipigwa. Hakuna aliyemfundisha swali lile.

"Nilitaka kukwambia, Baba."

"Ungeniambia, ningemzaba kibao mbele ya watu wote, nikamrudisha nyumbani na kadi yake. Angefukuzwa kazi. Angekuwa mtoto mpumbavu aliyefukuzwa kazi." Sauti ikamkatika. "Lakini ninyi hamkutaka kumzuia. Mlikuwa mnamngoja akosee."

"Ndiyo."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilompa bila kulazimika. Halikusaidia kitu.

Mzee akavua rimoti, akasimama kwa shida. Mgeni akanyoosha mkono amsaidie. Mkono ukabaki hewani.

"Mama yake atakuulizia," mzee alisema. "Amekuwekea chumba. Alisema msichana hawezi kuishi peke yake kwenye vyumba vya kupanga. Habari za mwanawe zitamtosha kwa leo. Siwezi kumuua mara mbili. Nitamwambia umehamishwa kikazi, uliondoka ghafla, ulimsalimu sana."

"Ahsante, Baba."

"Usinishukuru. Sijawahi kumdanganya mke wangu maisha yangu yote." Akamtazama, macho makavu sasa. "Mimi nilikufundisha kazi yangu, mwanangu. Na wewe umenifundisha yako."

Akageuka, akaanza kukusanya vifaa vyake mezani, kimoja kimoja.

Barabarani gari jeusi lilikuwa limeshafika. Mgeni akavaa miwani ya jua, akaingiza bastola mahali pake, akaenda. Hakukimbia. Hakugeuka nyuma. Mtu aliyemwona kwa mbali angesema ni mwanamke anayetoka matembezini.

Dereva akamfungulia mlango.

"Kila kitu sawa, dada?"

"Endesha," alisema.